Nimesema WAV, jamani!

Tangazo la shindano letu la kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti za wimbo, niliandika kwa herufi kubwa: leta faili ya WAV (sauti kamili isiyobanwa kama MP3), biti 24, kilele cha sauti kisivuke desibeli -1. Sasa ni saa tano usiku, nimevaa hedifoni, nafungua ya kwanza: MP3. Ya pili ni voisi noti! Mtu kaweka simu mbele ya spika akarekodi, na jogoo wa jirani yumo kwenye kiitikio. Mwingine kapandisha sauti hadi ngoma zinakwaruza, halafu ananiambia, "Kaka, hiyo sikilizia spika kubwa." Wimbo ni ule ule, vipande vyake 14 vya sauti vya kuchanganya niliwapa wote sawa, tena kwa bando langu mwenyewe. Leo wanaomba niwaongezee siku tatu. Siongezi!