Ngamia walipokuwa madalali

Watu wa nyumbani wakinipigia simu huuliza yale yale: baridi ikoje, kodi ya nyumba Istanbul imefika wapi, nguo za Laleli, mtaa wa maduka ya jumla huko huko Istanbul, bei gani. Nawajibu, maana kago ndiyo inayonilisha. Lakini kilichonifanya nijione fukara katika nchi hii si kodi wala baridi. Ni mama mkwe wangu.

Yeye ni mtu wa Akşehir, mji mdogo katika mkoa wa Konya. Kila shule zikifungwa wakati wa baridi tunakwenda kwake. Usiku ukishaingia huweka maganda ya machungwa juu ya jiko la makaa, chumba kizima kikanukia. Binti yangu, ana miaka sita, hujikunja mapajani pake, na bibi huyo huanza: "Bir varmış, bir yokmuş."

Ukitafsiri harakaharaka utasema "alikuwapo mmoja, hakuwapo mmoja", na utakuwa umepoteza utamu wote. Kituruki kina namna mbili za kusema mambo yaliyopita. "Geldi" ni alikuja, na mimi nalijua hilo kwa hakika. "Gelmiş" ni alikuja, ndivyo nilivyosikia. Kazi ya hiyo -miş sisi tunampa "eti". Basi sema: eti alikuwapo mmoja, eti hakuwapo. Na ngano nzima huenda hivyo hivyo, eti baada ya eti, msimulizi hadai hata mara moja kwamba aliyaona.

Kisha hufuata upuuzi mtupu, wenyewe wanauita tekerleme. Zamani ndani ya zamani, chekeche ndani ya mabua, ngamia walipokuwa madalali, viroboto walipokuwa vinyozi, nami nikibembeza susu ya babu yangu, tıngır mıngır, tıngır mıngır. Hapo mtoto hucheka mpaka anakohoa. Mjukuu anambembelezaje babu aliyezaliwa kabla yake? Hakuna anayemjibu. (Dalali hapo sikumtia mimi. Wao humwita "tellal", mpiga mbiu wa sokoni, neno lililotoka kwenye Kiarabu kile kile kilichotupa madalali wetu. Na ngano yenyewe wanaiita "masal", ndugu wa methali.)

Usiku wa kwanza nilipousikia upuuzi ule niliganda. Nilikuwa naujua. Marehemu bibi yangu wa Tanga alikuwa akituita "Paukwa!", tukajibu "Pakawa!", halafu anamwaga: kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupita. Chenjagaa ni nani? Sijui hadi leo, na wala sikuwahi kuuliza. Tulikuwa tumeshaingia.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na sisi wenyewe. Tunalalamika kwamba televisheni na simu zimeua hadithi. Huku nako simu zipo, tena kubwa kuliko zetu, na watoto wa shemeji zangu Istanbul wanamjua Keloğlan, yule kijana kipara maskini anayewashinda wafalme na mazimwi, kwa katuni kabla ya kumjua kwa mdomo wa mtu. Meddah, msimulizi aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha juu mkahawani na leso yake na fimbo yake, UNESCO iliingiza sanaa yake katika orodha ya urithi mwaka 2008, na mimi nimemwona mara moja tu, jukwaani, usiku wa Ramadhani. Kwa hiyo wasije wakatudanganya kwamba wao hawajapoteza kitu. Wamepoteza. Ila mlango wa hadithi hawakuuvunja.

Sisi tuliuvunja, na tuliuvunja darasani. Nilipokuwa la tatu mwalimu alitusomea hadithi ya sungura, nzuri kabisa, na kabla hatujamaliza kucheka akageukia ubao: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Aliyekosa alichapwa. Tangu hapo kila sungura niliyekutana naye nilimtazama kwa wasiwasi, amenibebea swali gani. Wazee walioitikia "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea" waliuita uongo kwa jina lake na kuukaribisha ndani. Sisi tukaufanya mtihani.

Mama mkwe hafundishi kitu. Anasimulia juu ya mama wa mazimwi, matiti yake kayatupa mabegani, moja huku, moja huku. Kijana ananyemelea nyuma, ananyonya, na zimwi linageuka: "Ah! Usingeninyonya ningekumeza. Sasa umekuwa mwanangu." Binti yangu hushika shingo ya bibi kwa nguvu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sheria hiyo. Ziwa likishanyonywa, undugu umekwishaingia.

Mara nyingine huja zamu ya Nasreddin Hoca, shekhe mcheshi wa visa vya Waturuki, ambaye kaburi lake liko mji huohuo na linajulikana kwa kufuli kubwa mlangoni ilhali pembeni kuko wazi. Hoca aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kijisufuria ndani: imezaa. Jirani akapokea kwa furaha. Akaazima tena... Nikadakia mimi, kwa Kituruki changu cha bandarini: "Imekufa! Ulikubali imezaa, mbona hukubali imekufa?" Mama mkwe akanitazama kama mwizi. Nani kakwambia? Nikamwambia kwetu huyo anaitwa Abunuwasi. Hakuamini. Anaamini tumemwiba Hoca wake, na huenda kila bandari ina madai kama hayo.

Mwisho wa ngano, tufaha tatu huanguka kutoka mbinguni: moja la msimulizi, moja la msikilizaji, na la tatu kila mtu humpa amtakaye. Hapa pana vita kila usiku. Bibi yangu alikuwa akimaliza kwa kusema hadithi ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yangu peke yangu niliyeitoa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza tumejifunza nini.

Sasa niseme na langu. Juzi mama alipiga simu ya video kutoka Tanga, akamwita mjukuu wake: "Paukwa!" Mtoto kimya. Akanigeukia, macho yananiuliza. Miaka sita, sikumfundisha neno hata moja la kuitikia. Kila siku nilikuwa na kontena. Mama hakunisema, akamwambia basi anza wewe. Mtoto akaanza, Kiswahili chake kikikwamakwama: zamani, Bibi, ngamia walikuwa madalali.

"Eh, mke mwenzangu," mama akasema, "basi hao ndio waliotujengea Ngamiani yetu hapa Tanga. Na viroboto je?"