Eti kugawa sindano ni kuwafundisha watu kujidunga?

Mada ya kuwagawia mateja sindano safi ili wasichangie ikiguswa tu lazima mtu aibuke na lile swali, eti sasa si ndo mnawafundisha kujidunga? Mi huwa najiuliza huyu anadhani teja anaamkaje asubuhi. Mtu ana arosto ya kukosa unga, mifupa inauma, jasho linamtoka, tumbo linamwendesha, unafikiri atakaa asubiri sindano safi? Atajidunga na iliyopo, iwe ya mshkaji wake au ya kuokota, ikiwa butu anainoa kwenye ubavu wa kibiriti maisha yanaendelea.

Na hili lishajaribiwa. Miaka ya 80 kule Edinburgh, Scotland, polisi walikaza, wakawa wanakamata sindano, na kuzinunua dukani ikawa shida. Watu hawakuacha heroini hata kidogo, walichofanya ni kuchangia bomba la sindano, moja linazunguka watu kibao. Mwaka 1986 madaktari wakatoa matokeo ya kliniki moja ya huko, nusu ya wajidungaji waliopimwa wana VVU, nusu nzima! Glasgow, ambako si mbali hata kidogo na watu walikuwa wanajidunga vilevile ila sindano zilipatikana, hali haikufika huko. Unga ule ule jamani, tofauti ni bomba.

Halafu watu wanadhani haya mambo ya kugawa sindano yaliletwa na wataalamu wa makongamano. Wapi. Amsterdam mwaka 1984 walioanzisha ni watumiaji wenyewe, homa ya ini B ilikuwa inawamaliza wakaona wasipojisaidia wao hakuna atakayewasaidia.

Kingine, sindano peke yake haitoshi. Kile kijiko cha kuchemshia, pamba ya kuchujia, maji, vyote vikichangiwa vinaambukiza homa ya ini C, na kirusi chake ni king'ang'anizi, kinaweza kukaa hai ndani ya bomba kwa wiki kadhaa. Ndo maana huduma nzuri inatoa na hivyo vyote, inatoa naloksoni ya kumwamsha aliyezidisha dozi, na yule mhudumu wa mezani anayegawa akishazoeleka siku moja teja mwenyewe anamuuliza, hivi ile methadoni, ile dawa ya kuachia heroini, naipataje? Hilo swali haulizwi mtu aliyekufukuza mlangoni.

Ila kuna kitu kinaniudhi hata kwenye huduma zenyewe, ile sheria ya lete moja iliyotumika upewe moja mpya. Kwenye karatasi inapendeza, uchafu haubaki mtaani sijui nini. Sasa huyu jana kakimbizwa na polisi kaitupa, leo kaja mikono mitupu unamwambia kaitafute? Anarudi maskani kuazima. Yaani mnamtaka apite mtaani na sindano iliyotumika mfukoni wakati akisachiwa nayo ndo hiyo hiyo inamlaza ndani.