Poda au fuwele moja: tuamini ipi?

Njia kongwe ya kuunda maada ngumu haina mbwembwe. Pima oksidi na kaboneti zako, zisage kwenye kinu, zitie tanurini kwenye joto la karibu nyuzi 1000 au zaidi, zitoe, usage tena, uzirudishe. Kusaga mara ya pili kuna sababu. Atomu ndani ya maada ngumu husogea polepole mno, na punje mbili zikigusana, tabaka jipya linalozaliwa kati yao hugeuka ukuta wa kuzitenganisha. Mchi huuvunja ukuta huo.

Kinachopatikana ni poda ya vijifuwele vingi vidogo, na wenye kuitetea njia hii wana hoja nzito. Ni rahisi, ni ya haraka, na michanganyiko mingi hujaribiwa kwa muda mfupi. Mwaka 1987 timu za Paul Chu na Maw-Kuen Wu, nchini Marekani, zilitangaza mchanganyiko wa itriamu, bariamu, shaba na oksijeni uliopitisha umeme bila ukinzani kwenye kelvini 93, yaani nyuzi 180 hivi chini ya sifuri. Sampuli yenyewe ilikuwa mchafukoge, kijani na nyeusi pamoja. Baadaye tu ndipo ikajulikana kuwa nyeusi ndiyo yenye maajabu. Wangesubiri kwanza fuwele moja safi, yaani kipande kizima ambacho atomu zake zimefuata mpangilio mmoja, huenda wengine wangewatangulia.

Uchafu huohuo, hata hivyo, ndio uliozua sakata la LK-99. Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini walidai kwamba maada hiyo ya risasi, shaba na fosfati hupitisha umeme bila ukinzani hata kwenye joto la kawaida la chumba. Ukinzani ulishuka ghafla kwenye nyuzi 104 hivi, dunia ikashangilia. Kumbe ndani ya sampuli mlikuwa na salfaidi ya shaba, ambayo hubadili muundo wake karibu na joto hilohilo, na ukinzani wake nao hubadilika ghafla. Watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Stuttgart walipokuza fuwele moja moja, kwa kuyeyusha ukanda mwembamba wa fimbo bila chombo cha kuishikilia, walipata kitu kinachopenyeza mwanga na kuzuia umeme. Mjadala ukapoa.

Lakini fuwele nayo si malaika. Ukiikuza ndani ya chumvi iliyoyeyuka, hufungia matone ya chumvi tumboni mwake. Ukiivuta kutoka kwenye uji moto wa maada iliyoyeyuka kwa mbinu ya Czochralski ya mwaka 1916, chombo huachia vitu vyake: silikoni huchota oksijeni kutoka kwenye chungu cha kwatzi (oksijeni hiyo, ajabu, huiongezea silikoni uimara). Na zipo maada ambazo zikiyeyuka tu husambaratika kuwa vitu vingine, kwa hiyo uji wa namna hiyo hauzisaidii.

Kwangu mimi, kinachoamua ni dai lenyewe. Anayetafuta maada ya elektrodi ya betri abaki na poda, kwa kuwa poda ndiyo itakayoingia kwenye betri. Anayedai umeme unapita bila ukinzani kwenye joto la chumba ana deni zito zaidi: mchoro wa eksirei wa poda, unaotumika kutambua kilichomo, unaweza kushindwa kuonyesha uchafu mdogo, ilhali uchafu mdogo wenye njia iliyoungana unatosha kupotosha kipimo chote cha umeme. Huyo alete fuwele kwanza.