Tukifika baharini sheria za porini tunaziacha wapi?

Wiki iliyopita picha moja ilizunguka kwenye kikundi chetu cha waongoza watalii hapa Arusha. Watu wa hapahapa mjini, wengine nafanya nao kazi, wamesimama kwenye maji ya kiunoni huko Zanzibar, kila mmoja kainua kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, mwekundu, anachuruzika maji. Pongezi zikamiminika. Mimi nilikasirika, na hasira haijaisha.

Hawa ni watu ambao mgeni akifungua mlango wa gari ndani ya kreta ya Ngorongoro, wanampigia kelele kabla mguu haujagusa chini. Dereva akiacha barabara Serengeti kumfuata chui, wao ndio wa kwanza kumsema. Wakishuka pwani, kila kitu kinakuwa cha kushika.

Kiti cha pweza ni mnyama. Hewa yake anaipata majini, kupitia ngozi na vile vijiguu vyake vya chini. Ukimshikilia juani mpaka kila mtu apate picha, unamkaba pumzi.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa chini ya miguu yao. Hapakuwa na mchanga pale. Walisimama juu ya matumbawe. Tumbawe ukilitazama ni jiwe, kumbe ngozi yake ya juu ni wanyama hai, wadogo mno, maelfu kwa maelfu, na ndio waliolijenga hilo jiwe. Yale makubwa ya mviringo huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka. Kisigino kimoja kinavunja kazi iliyoanza kabla mwenye kisigino hajazaliwa.

Jamani, nendeni Maziwe, kisiwa kidogo cha mchanga karibu na Pangani. Kutoka Moshi ni basi mpaka Tanga, gari jingine mpaka Pangani, kisha boti. Mfike maji yakipwa, fungu la mchanga likiwa wazi, maana yakijaa kisiwa kinazama. Zamani palikuwa na miti na kasa walitaga kwa amani. Miti imekwisha, kasa bado wanakuja, na mayai inabidi yahamishiwe ufukwe wa Ushongo yasije yakafunikwa na maji. Vaa miwani ya maji, lala kifudifudi, tulia. Kabla macho hayajazoea, masikio yatakuwa yameshapokea: krr, krr, krr. Ni samaki aina ya pono wanakwangua mwani kwenye mwamba wa matumbawe kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Nilimkazia macho mmoja, kijani na waridi. Aling'ata, akageuka, akasogea kidogo, na nyuma yake likamwagika wingu jeupe. Mchanga! Tumbawe lililosagwa kooni mwake likapita utumboni. Ule mchanga mweupe tunaowasifia wageni, sehemu yake imetengenezwa hivyo.

Na mtu wa Hai au Arumeru asiniambie bahari haimhusu. Mto Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, unayamwaga bwawa la Nyumba ya Mungu, na yakitoka hapo ndiyo Mto Pangani mpaka baharini.

Najua nitakachojibiwa. Mwaka 1998 joto la bahari lilichoma matumbawe, hata Mafia ndani ya hifadhi mengi yakawa meupe yakafa, bila kisigino cha mtu. Kweli, sibishi. Ila tumbawe linalohangaika na joto tusiliongezee mzigo wetu. Na akina mama wanaotafuta pweza nao hukanyaga mwamba. Wale wanatafuta mboga ya jioni, sisi tunatafuta picha.

Na boti za wageni kuwakimbiza pomboo ni yaleyale ya magari kumzingira duma, na hilo tunalilaani kila msimu.

Kisiwa cha Chumbe, kule Zanzibar, wameweza. Tangu 1994 mwamba wao hauvuliwi, mlinzi anaingia majini na mgeni, na wanafunzi wa Zanzibar wanapelekwa kujifunza. Walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi! Sisi tuna chuo cha wanyamapori cha Mweka tangu 1963 na vyuo vya utalii kila kona ya Arusha, halafu ofisi zetu zinauza Serengeti kisha Zanzibar, na ile sehemu ya bahari inaandikwa "mapumziko". Kabla ya porini mgeni anapewa maelezo ya kutosha. Kabla ya bahari anapewa tiketi ya ndege.

Maelezo ya bahari yaanzie hapa, dereva akimrudisha mgeni uwanja wa ndege. Asisimame juu ya tumbawe. Asishike kiumbe. Asirushie samaki mkate. Avae fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta mengi ya jua. Na nahodha akishika nanga, aulizwe chini pana nini kabla kamba haijamtoka mkononi. Penye mchanga atupe. Penye mwamba afunge kwenye boya, na kama boya hakuna, asogeze boti.