Mzazi naye aulizwe hali

Wiki iliyopita muuguzi alikuja kwangu hapa Leeds, Uingereza, kumwona mwanangu wa pili. Akampima uzito, akaandika, akamlaza. Halafu akageuza kiti, akaniambia sasa ni zamu yako, mama. Akanipa karatasi yenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita: umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umekosa usingizi kwa huzuni? Swali la 10 linauliza kama umepata wazo la kujidhuru. Kipimo hicho cha sonona (huzuni nzito isiyoisha) baada ya kujifungua kilichapishwa mwaka 1987, kinaitwa kwa jina la Edinburgh, na hakihitaji mashine wala umeme. Nilifika nusu, nikalia.

Kilio kile kilikuwa deni la mtoto wa kwanza. Yule nilimzaa Tanga, kwa mama mkwe, na mnajua arobaini ya kwetu ilivyo. Sijawahi kutunzwa vile maishani: maji ya moto alfajiri, kukandwa, tumbo kufungwa kanga mpaka pumzi inakata, uji wa pilipili manga, supu ya kuku. Sikugusa hata kijiko. Na katikati ya matunzo yote hayo nilikuwa nafungulia bomba bafuni ili nilie asinisikie mtu. Namtazama mtoto ananyonya, sihisi kitu. Ningemwambia nani? Wageni wanaingia, wanambeba mtoto, wanabishana pua kafuata ya nani, wananigeukia kuuliza kama maziwa yanatoka. Nikithubutu kusema nimezidiwa, najibiwa uzazi si ugonjwa, mshukuru Mungu, wenzio wanatafuta hawapati.

Najua kuna atakayesema Ulaya imenivimbisha kichwa. Ndugu yangu, hapa hakuna wa kunikanda. Mume alipewa likizo ya wiki 2, akarudi kazini (kwenu atapewa siku 3, lakini nyumba imejaa watu), nikabaki nakoroga uji kwa mkono mmoja huku nyuzi zinauma. Jirani wa mlango wa pili hanijui jina. Nikiambiwa nichague mikono ya kunilea, nachagua ya mama mkwe leo hii, na niko tayari kubishana na mzungu yeyote juu ya hilo. Ninachodai ni kimoja tu: mzazi aulizwe, na akijibu kweli asikaripiwe.

Mwingine atasema bibi zetu walizaa 10 na hawakuwa na sonona. Walikuwa nayo. Nani kati yetu hajasikia habari za mwanamke aliyebadilika baada ya kujifungua, wakasema karogwa, akarudishwa kwao, mtoto akalelewa na shangazi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua duniani hupata maradhi ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea inakaribia asilimia 20. Ni sisi zaidi kuliko wao, sisi tunaojiita wagumu.

Na hilo swali la 10, nani atalijibu kwa ukweli Tanzania, wakati kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai? Mama anaogopa kunyang'anywa mtoto, anaogopa mawifi, halafu aogope na polisi? Hili linaniumiza kuliko yote. Wabunge wanawake tunao wengi, na wengi wao wamezaa.

Msiniambie hakuna fedha. Wataalamu wa afya ya akili ni wachache, sibishi, lakini mlango upo wazi tayari. Mama anafika kliniki wiki ya 6 kwa ajili ya chanjo, anarudi wiki ya 10, anarudi tena ya 14. Amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, kadi mkononi. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, anachomwa sindano, uzito unaandikwa, haya, mwingine! Dakika zile zile muuguzi amuulize na yeye: unalala? Unakula? Unalia ukiwa peke yako? Nawe wifi, nawe mama mkwe, mkishamsifia mtoto, watoeni wageni chumbani, mkae na mzazi. Na akisema hasikii mapenzi kwa mtoto wake, msimkatize, mwacheni amalize.