Ni Pia, Ni Risasi, au Nimechimba Balaa?

Wiki tatu nzima sikuwa na jina. Mtu akikutana na mimi hata salamu hatoi, anaanza moja kwa moja: "Lile dude limejulikana?" Ngoja niseme yote hapa, nipumzike.

Chanzo ni mimi mwenyewe. Nilichoka kukaa ndani siku za mapumziko, nikajipatia ditekta, ile mashine ya kutafutia metali ardhini, ya fimbo ndefu yenye sahani chini, unaipitisha juu ya nyasi kama mtu anayefagia hewa. Siku ya kwanza niliijaribia chumbani, nikafunga mlango (mlango wetu ukiufunga unafunguka wenyewe, hayo tuyaache kwanza). Ikapiga kelele mfululizo hadi mke wangu akaja kuuliza ninamchinja nani. Kumbe springi za godoro. Nikajiona mjinga, mpaka niliposoma kwamba Alexander Graham Bell, yule wa simu, yalimkuta hayo hayo mwaka 1881. Alipeleka mashine yake kitandani kwa Rais Garfield wa Marekani aliyekuwa amepigwa risasi, wajue risasi imekaa wapi, na springi za kitanda zikawa miongoni mwa vilivyomvuruga. Basi nikatulia. Kama godoro limemshinda Bell, mimi nani?

Mateso yenyewe yako nje. Ndani ya ile sahani kuna koili ya waya inayotengeneza uga wa sumaku. Kukiwa na metali chini, vijimkondo vya umeme vinazaliwa ndani yake, mashine inavihisi, inalia. Inachojua ni hicho tu. Kile kishikio cha alumini cha kufungulia kopo kinaweza kulia sawasawa na pete ya dhahabu, kwa hiyo huna ujanja, utachimba vyote. Nimechimba vizibo. Nimechimba misumari. Nimechimba kijiko kisicho na mpini, na mita kumi mbele mpini usio na kijiko, na havikuwa vya kijiko kimoja. Nilijaribu kuviunganisha.

Sasa Jumamosi moja, kwenye shamba ambalo mwenyewe aliniruhusu kwa sharti nifukie mashimo yangu, ikalia mlio safi, mlio wa adabu. Sentimita 20 chini nikalikuta. Urefu kama sentimita nane, juu nene kama yai, chini limechongoka mpaka ncha. Kichwani lina kitufe chenye kitundu kilichojaa udongo. Rangi ya kijani. Zito kuliko umbo lake.

Wazo la kwanza lilikuwa hazina. Kitu cha chuma kilichochongoka, kinachotoka ardhini, na wewe hukijui, mwenye akili hakigusi: anaweka alama, anarudi nyuma, anaita polisi, maana mabomu ya zamani nayo yanazikwa. Hakigongi kwa jembe kusikia mlio. Mimi nilikuwa nimeshakigonga kwa jembe kusikia mlio. Wazo la pili ndipo likaja. Nikabaki nimesimama pale nahesabu vidole vyangu, vikatimia, nikahesabu tena.

Nyumbani wakajaa. Shemeji yangu, fundi magari, hakulishika hata. "Hicho cha kwenye gia." Kwake kila kitu duniani ni cha kwenye gia. Gia ya gari gani? "La zamani."

Jirani, mstaafu wa kazi za bomba, akalipima kiganjani, akafumba macho, akatamka kwa sauti ya hakimu: "Uzito huu, hii ni risasi." Mzee wa watu alimaanisha ile metali laini ya kijivu. Waliokuwa mlangoni walisikia walichosikia. Kufumba na kufumbua sebule ilikuwa na mimi, fundi bomba na kandambili moja ya shemeji.

Na wala haikuwa risasi. Risasi ikikaa ardhini inavaa weupeweupe, na ukiikwaruza kwa ukucha inakubali. Hili lilivaa kijani, na kijani ni dalili ya shaba. Nikaleta sumaku kumaliza ubishi: tumboni ikakataa kabisa, nikaisogeza kwenye ncha, ikanasa tap! Dude moja, tabia mbili. Usiku ule sikulala.

Kesho yake mtoto wa jirani, miaka sita, akaliona mezani. "Ni pia."

"Pia nini?"

"Pia."

"Ndiyo, pia nini? Lazima kwanza liwe kitu, ndipo liwe pia!"

Akaniangalia kama watu wazima wanavyoniangalia siku hizi. Akalitwaa, akalizungusha sakafuni kwa vidole viwili. Likazunguka wima, halitikisiki, kama limesimama. Hapo ndipo nilipopiga magoti nikaona nilichotakiwa kuona siku ya kwanza: michirizi myembamba inazunguka tumbo lote, sambamba kabisa. Limekerezwa kwenye mashine. Mkono wa mtu na tupa haufanyi hivyo.

Nikachukua mizani ya jikoni: gramu 340. Nikalizamisha kwenye chombo chenye alama: maji yakapanda mililita 40. Gawanya, unapata gramu 8.5 kwa kila mililita, na hapo ni nyumbani kwa shaba ya manjano, ile iliyochanganywa na zinki. Dhahabu ni 19.3. Maana yake lingekuwa dhahabu, mizani ingesoma gramu 772. Nilipima mara nne. Mke wangu akasema nikipima ya tano nitapimia nje, na begi langu.

Nilitaka kulisugua kwa brashi ya waya ling'ae, nikasikia kwamba ukisugua hivyo unaondoa na alama zote zilizobebwa na ile ngozi ya kijani. Basi nikatumia maji na mswaki laini. Mswaki wa nani, hilo bado linajadiliwa humu ndani.

Nilipokaribia kukata tamaa nilijifariji na yale madude ya Warumi ya shaba nyeusi, yenye pande 12 na matundu kila upande. Yamepatikana zaidi ya mia moja, yanachimbwa na kuandikwa tangu karne ya 18, na hadi leo wasomi wanabishana yalikuwa ya kazi gani. Wana vyuo vikuu na bado wanabishana. Mimi nina shemeji.

Halafu akaja mzee mmoja, fundi mwashi wa siku nyingi. Hakuja kwa ajili ya dude. Mke wangu alimwita aangalie ule mlango unaofunguka wenyewe. Akaketi, akaliona, akacheka kama mtu aliyekutana na mwenzake wa jeshini.

"Mwanangu, hii umeitoa wapi? Una uzi?"

Akakikamata kile kitufe cha kichwani, akakizungusha kwa koleo. Kikatoa mlio wa kunung'unika, kikafunguka. Kina hesi! Akatoa udongo kwenye kitundu kwa njiti, akapitisha uzi, akapiga fundo kwa ndani, akafunga.

"Timazi. La kupimia kama ukuta umesimama wima. Tumbo la shaba ili liwe zito na lisile kutu, ncha ya chuma ili likianguka isiwe butu."

Wiki tatu. Timazi! Nilitaka kushangilia, lakini mzee alikuwa ameshainuka na uzi wake kuelekea ukuta wa chumbani. Ule ukuta, niseme tu, niliujenga mimi mwenyewe kwa mikono hii, kwa jicho. Akabana uzi juu kwa kidole gumba. Timazi likayumba, likayumba, likatulia. Juu uzi umegusa ukuta. Chini umeachana nao kwa vidole vitatu.

Kimya.

Nikasema huenda dude limeharibika kwa kukaa sana ardhini.

Mke wangu hakunijibu. Alimgeukia mzee, taratibu, kwa heshima zote: "Kwa hiyo, baba, kumbe kuna kifaa chake?"

Siku hizi hakuna anayeniuliza tena habari za dude. Wanabisha hodi, wanakaribia, wanasalimia vizuri kabisa, halafu wanalaza shingo upande kuangalia ukuta.