Chapo madondo iko kwa sahani, kwa shamba imebaki chapo peke yake

Kila nikiongea na watu wa Njoro, kwetu Nakuru, Kenya, kuhusu kazi yangu ya shamba huku Saskatchewan, Kanada, swali ni lile lile, matrekta ni makubwa kiasi gani, kombaini inamaliza ekari ngapi kwa siku, na mimi najibu tu, ni kweli ni makubwa, lakini naona hilo swali halitusaidii. Swali la maana ni hili, hilo shamba la ngano mwaka jana lilikuwa na nini? Mkulima wa huku atakujibu hapo hapo bila kufikiria, mwaka jana kamande (lentils), mwaka juzi kanola ya mafuta, kabla ya hapo ngano. Nyumbani ukiuliza, kuanzia Njoro ukipanda hadi Mau Narok, mara nyingi jibu ni ngano, na kabla ya hiyo ngano, labda na shayiri kidogo ya kutengeneza bia, na shayiri na ngano ni ukoo mmoja, mengi ya magonjwa yanaambukizana na nyasi zinazosumbua ni zile zile.

Nataka niongee juu ya hii maneno vizuri kwa sababu naona watu wanaongelea chakula upande mmoja na udongo upande mwingine kama ni vitu viwili. Ni kitu kimoja.

Anza na mvua. Regina, mji mkuu wa Saskatchewan, kwa mwaka mzima haipati hata milimita 400, na sehemu ya hiyo inakuja kama theluji. Njoro inapata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Yaani hawa watu wanalima ngano ya kuuza dunia nzima na maji ambayo sisi tungesema ni kiangazi. Wanawezaje? Walifundishwa na shida. Miaka ya 1930 walikuwa wanalima kwa plau, wanaacha shamba wazi mwaka mzima eti lipumzike, ukame ukaingia, upepo ukabeba udongo wa juu hadi jua halionekani, familia zikahama zikaacha nyumba na kila kitu. Mwaka wa 1935 serikali ikaunda idara nzima ya kurudisha hayo mashamba, na bado ilichukua miaka mingi sana hadi wakulima wengi wakakubali kuachana na plau kabisa.

Siku hizi ukiingia kwa shamba mwezi wa tano wakati wa kupanda hauoni udongo, unaona mabua ya mwaka jana yamesimama hadi karibu na goti, na mashine ya kupandia inapita katikati, inapasua mstari mwembamba kama upana wa kidole, inaangusha mbegu na mbolea, inafunika, basi. Nimechutama hapo nikatoa yale majani makavu kwa mkono na chini yake udongo una unyevu, ni mweusi, unashikana, na juu umepulizwa na upepo wiki nzima. Yale mabua pia ndiyo yanashika theluji wakati wa baridi isipeperushwe, ikiyeyuka inaingia ardhini pale pale. Hakuna anayeyachoma. Ukiyachoma majirani watakuuliza una shida gani.

Sasa nyumbani. Plau ya diski mara moja, haro mara mbili, wengine tatu, hadi udongo unakuwa laini kama unga, na udongo wetu wa pale ni wa majivu ya volkano, mwepesi tayari, kisha unalima kufuata mteremko kwa sababu trekta inateremka vizuri hivyo. Mvua ya kwanza kubwa ikipiga, maji yanashuka rangi ya chai ya maziwa, yanaingia Mto Njoro, na Mto Njoro unaenda Ziwa Nakuru, hiyo kila mtoto aliyesomea huko anaijua. Tunaongelea msitu wa Mau kila siku na ni haki tuongee, lakini mashamba yaliyo chini ya msitu yanamwaga udongo kila msimu na hakuna anayeandamana.

Nilimpigia mjomba wangu, analima ngano ya kukodisha upande wa Mau Narok, nikamuuliza, mjomba, mbona usijaribu kuacha mabua na upande bila kulima hata kipande kidogo? Akaniambia, "Kijana yangu, hilo shamba si langu. Nimelipia msimu mmoja. Nikiacha mabua leo, mwaka ujao anapewa mwingine mwenye pesa kuniliko, nimemtengenezea yeye." Hapo sina la kumjibu, anasema ukweli. Udongo unahitaji miaka mitatu minne ya kutunzwa ndio ulipe, na mkataba wake ni wa miezi sita. Huku pia wengi wanakodisha mashamba, lakini mkataba wa miaka kadhaa ni kitu cha kawaida, na mwenye shamba anataka kujua utapanda nini kila mwaka.

Lakini kuna kitu kikubwa kuliko mkataba na hapa ndipo nilitaka kufika. Mkulima hawezi kubadilisha mazao kama hakuna mtu wa kula hilo zao lingine. Unaweza kumhubiria mwaka mzima kuhusu kunde na maharage yanavyorudisha naitrojeni, chakula kikuu cha mimea, kwa udongo, kama soko ni ngano peke yake atapanda ngano. Saskatchewan haikuwa na kamande miaka ya 60. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Alfred Slinkard, alikaa akitafuta mbegu inayostahimili hali ya huku, mwaka wa 1978 ikatoka ile inaitwa Laird, na kwa sababu kulikuwa na watu wa kununua ikashika, leo Kanada ndiyo inauza kamande nyingi zaidi nje ya nchi kuliko nchi yoyote duniani na karibu zote zinatoka mkoa huu. Na wakulima wakazoea, wakatafuta njia zao. Kamande ni mmea mfupi sana, kombaini lazima ikate karibu na ardhi, sasa baada ya kupanda wanapitisha roli kubwa la chuma shamba zima kuzika mawe, ili wakati wa kuvuna mawe yasivunje mashine. Mimi ndio huendesha hilo roli, kazi ya kuchosha kweli, unaenda polepole kutoka asubuhi, lakini ukiona vile shamba linabaki limelala sawa unaelewa watu wamefikiria.

Halafu angalia ilivyotokea mwisho wa 2017. India ikaweka ushuru, minji asilimia 50, kamande na dengu (chickpeas) asilimia 30, ghafla. Mwaka uliofuata wakulima wa huku wakapunguza ekari za kamande. Yaani mzunguko wa mazao Saskatchewan, afya ya udongo wa huku, imeshikiliwa na sahani ya mtu aliye India, kwa sababu Mkanada mwenyewe halagi kamande vile, anakula nyama ya ng'ombe na viazi na mkate mweupe.

Sisi Nakuru tuko na walaji tayari! Hatuhitaji India. Ingia kibanda chochote pale karibu na stendi ya matatu saa saba mchana, watu wanakula nini? Chapo madondo. Githeri. Chapati na kamande. Wali na minji. Chapo madondo ni ngano na maharage kwa sahani moja, na hiyo ndiyo huku wanasayansi wanaita mzunguko mzuri wa mazao, nafaka na jamii ya kunde zikifuatana. Watu wetu wanaila kwa furaha bila kulazimishwa na mtu. Halafu yale maharage yanatoka wapi? Malori kwa malori yanaingia kutoka Uganda kupitia Busia na Malaba, mengine Tanzania kupitia Namanga. Sina shida na jirani kuuza, auze, lakini inaniuma kuona shamba la Njoro limechoka kwa ngano juu ya ngano, linadai mbolea zaidi kila mwaka, na zao ambalo lingelipumzisha tunalinunua nje.

Na mbolea si mchezo. Mnakumbuka 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipita elfu sita, hadi serikali ikaleta ya ruzuku ya 3,500 na baadaye 2,500. Mbolea ya naitrojeni inatengenezwa kwa gesi asilia kwa hivyo vita vikitokea mahali bei inaruka, na ile sehemu mimea haikuchukua baadhi inageuka hewa ya naitrasi oksidi ambayo inapasha dunia joto karibu mara 270 kuliko kaboni dioksidi kilo kwa kilo. Maharage, minji, kamande, hizi zinajitengenezea naitrojeni zenyewe na bakteria wa kwenye mizizi, na ngano inayofuata inakuta nyingine imebaki. Hao bakteria unaweza kupaka kwa mbegu kabla ya kupanda, na dawa yenyewe, Biofix, ni matunda ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na inatengenezwa hapo hapo Nakuru. Iko mlangoni.

Sasa upande wa sahani. Mwaka wa 2019 Kanada ilitoa mwongozo mpya wa chakula, nusu ya sahani mboga na matunda, robo nafaka isiyokobolewa, robo protini, na wakasema protini ya mimea ichaguliwe mara nyingi zaidi. Mwaka huo huo ikatoka ile ripoti ya EAT-Lancet, ya wanasayansi wa nchi nyingi kuhusu chakula, ikisema mtu kwa siku ale kama gramu 230 za nafaka isiyokobolewa, gramu 75 za jamii ya kunde, na nyama nyekundu gramu 14 tu, kipande kidogo sana. Niliposoma nikamfikiria nyanya yangu. Uji wa wimbi asubuhi, githeri, managu na terere, nyama siku ya sherehe. Huku watu wanalipa pesa nyingi kwa duka za chakula cha afya kununua mtama na maharage, nyumbani familia ikipata pesa kidogo kitu cha kwanza ni mkate mweupe wa supamaketi na soseji, wimbi inaonekana ni ya wagonjwa na watoto.

Sisemi watu waache chapati, nani ataacha chapati Krismasi. Nasema tuangalie tunavyoila. Ngano ikisagwa kuwa unga mweupe, karibu robo yake inatolewa, ile sehemu yenye nyuzinyuzi na madini mengi, na kila mfugaji wa Nakuru anajua inaenda wapi, ndiyo polad na brani anayonunua kwa agroveti kulisha ng'ombe wa maziwa. Halafu tangu 2012 sheria inataka msagaji aongeze madini ya chuma na zinki kwa ule unga mweupe. Ng'ombe anakula vizuri kutuliko. Unga wa atta, ule wa ngano nzima, uko kwa duka, chapati yake ikikandwa na maji ya moto na ikaachwa ipumzike inatoka laini kabisa, mimi hupika hivyo kila Jumapili na wenzangu wa kutoka Eldoret na Kisumu wanamaliza. Na ukila nafaka nzima unashiba na kidogo, na kwa nchi kama yetu ambayo ngano inayoagizwa inapita kwa mbali ile tunayolima, nyingi ikitoka Urusi na Ukraine, mnajua 2022 vita vya hizo nchi mbili vilifikisha bei ya unga wapi.

Nisije nikaonekana nasifu huku kupita kiasi. Kuacha plau huku kumesimama juu ya dawa ya magugu, glaifoseti kila mwaka kabla ya kupanda na wengine wanaimwaga tena kabla ya kuvuna ili mimea ikauke pamoja, na mimi hiyo ya pili siipendi kabisa na ningetaka isiingie Kenya. Magugu ya hapa yameanza kuzoea dawa za aina mbalimbali, kuna oti mwitu (wild oats) ambazo ukipulizia zinakuangalia tu. Na yale malisho ya asili ya nyati yalikolimwa yamebaki vipande vipande, wenyeji wa kwanza wa hii nchi walisukumwa kando ndio ngano ikapata nafasi. Historia ya Njoro haiko mbali na hiyo, ngano ya kwanza pale ilikuwa ya walowezi kina Delamere, na ugonjwa wa kutu ukaimaliza.

Hiyo kutu ndiyo inanipa imani na watu wetu lakini. Ile Ug99, aina mpya ya kutu ya ngano, ilipoonekana Uganda 1998, na Norman Borlaug mwenyewe, mtafiti wa ngano aliyepata Nobel, akapiga kelele 2005 kwamba dunia ingepoteza ngano, mbegu kutoka nchi nyingi zililetwa wapi zijaribiwe? Kituo cha utafiti cha Njoro. Mpaka leo zinapandwa pale kuona ipi inastahimili, na wakulima wetu wakapata mbegu kama Robin na Eagle. Watu wanaoweza kazi kama hiyo kwa ngano wanaweza kutafuta minji fupi inayovunwa na kombaini kwa baridi ya Mau Narok ambako maharage hayafanyi vizuri, na maharage yanayosimama wima ya Njoro chini. Chuo Kikuu cha Egerton kiko pale pale jirani. Kinachozuia wakulima kupanda maharage ekari mia ni kuvuna kwa mkono, si uvivu, gharama ya vibarua inawamaliza, na hilo ni jambo la mbegu na mashine.

Mnunuzi naye yuko. Shule za bweni za kaunti ya Nakuru zinapika maharage karibu kila siku ya muhula, zinanunua kwa madalali kwa bei inayopanda na kushuka. Shule ikikubaliana na kikundi cha wakulima wa ngano kabla ya kupanda, magunia haya, bei hii, mkulima ana sababu ya kutoa robo ya shamba. Na nyinyi wenye mashamba, wengi mko Nairobi na wengine mko huku huku ng'ambo na mimi, acheni kukodisha msimu kwa msimu. Kodisha miaka minne, andika kwa mkataba kwamba mwaka mmoja kati ya hiyo lazima iwe minji au maharage na mabua yasichomwe, na mwaka huo punguza kodi kidogo, kwa sababu mkataba ukiisha mwenye kubaki na huo udongo ni wewe.